Milimita Chache Chini ya Lori

Lori la mzigo linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura husafiri zaidi ya kilomita 1,500. Linapita Morogoro, Dodoma na Singida, linateremka Sekenke, linakata Kahama na Nyakanazi, linavuka mpaka Kabanga na Kobero, kisha linapanda milima ya Burundi hadi Bugarama. Pale dereva ameshachoka, na kilichobaki mbele yake ni karibu mteremko mtupu. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika, ambalo Bujumbura imejengwa ufukweni mwake, uko mita 770 hivi. Barabara hiyohiyo ndiyo wanayoshukia vijana wa baiskeli waliobeba mikungu ya ndizi, na ndiyo wanayopandia wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori. Kila kona ina watu.

Tufanye hesabu kidogo. Lori lenye uzito wa tani 50 likishuka mita 100 za kimo, linaachilia nishati ya karibu megajuli 49. Nishati hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji ya bomba. Sehemu yake huzuiwa na injini, kama dereva ameweka gia inayostahili, na upepo na matairi huchukua kidogo. Inayobaki yote huenda kwenye breki, ambazo kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua lori lenye ngoma za breki 12, kila ngoma ikiwa chuma cha kilo 50 hivi, na dereva anayetegemea pedali peke yake. Kama joto lisingepata pa kutokea, kila mita 100 za kushuka zingepandisha joto la ngoma zote 12 kwa karibu nyuzi 170 za Selsiasi. Kutoka Bugarama hadi ziwani ni zaidi ya mita 1,200. Kwa hesabu hiyo, chuma cha ngoma kingeyeyuka kabla mteremko haujaisha.

Hakiyeyuki, kwa sababu hewa inapoza na injini inasaidia. Lakini hesabu hiyo inaonyesha jinsi breki za lori zinavyofanya kazi karibu na ukingo wa uwezo wake. Zikiwa sawasawa, nafasi ipo. Zikilegea kidogo, nafasi inakwisha, na dereva anakuja kulijua hilo akiwa katikati ya mteremko.

Februari 24, 2024, huko Ngaramtoni nje kidogo ya jiji la Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa lori lilikuwa limefeli breki. Taarifa za aina hiyo tumezisikia kutoka Mbalizi na Iwambi kule Mbeya, kutoka mteremko wa Kitonga, na kutoka Salgaa na Sachangwan nchini Kenya. Wasikilizaji hubaki na picha ya kitu kilichokatika ghafla. Hilo hutokea, mpira wa upepo unaweza kupasuka. Ila mara nyingi breki za lori hufa polepole, kwa wiki na miezi, milimita kwa milimita, na kifo hicho kinapimika kwa chaki na rula. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu vyanzo vya ajali za malori, uliochunguza ajali za mwaka 2001 hadi 2003, ulikuta kasoro za breki kwenye karibu asilimia 29 ya malori yaliyohusika. Hayo ni malori ya nchi yenye ukaguzi wa barabarani wa kila siku.

Kwa nini dereva mzoefu, anayelijua gari lake kwa mlio, asihisi breki zinalegea? Jibu liko kwenye upepo.

Gari dogo linatumia mafuta ya breki. Ukikanyaga, mafuta yanasukumwa moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, na kukiwa na hitilafu pedali huzama au hulegea. Mguu unapata habari. Lori kubwa halina mawasiliano hayo. Kompresa inayozungushwa na injini hujaza matanki upepo hadi kufikia bar 8 hivi, na pedali ya lori ni valvu tu ya kufungulia upepo huo. Ukikanyaga, upepo unakimbia kwenye mipira hadi kwenye busta, lile kopo la chuma la duara unaloliona chini ya lori karibu na kila gurudumu. Ndani ya busta kuna kiwambo cha mpira. Upepo unasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono unaoitwa slaki, na slaki inazungusha shafti ambayo kichwa chake kina umbo la herufi S. Kichwa hicho kikizunguka kinapanua brekishu mbili, na lainingi zilizopigwa ribiti juu yake zinabana ngoma kwa ndani.

Katika mnyororo huo wote, mguu wa dereva unahisi springi ya valvu na basi. Fimbo ikisafiri milimita 30 au 60, pedali inakanyagika vilevile na geji ya upepo kwenye dashibodi inasoma vilevile. Kwenye tambarare, wakati wa kupunguza mwendo kwa upole, lori linasimama vilevile, kwa sababu upepo mdogo unatosha na ngoma ni baridi. Breki iliyolegea inajitokeza pale tu inapohitajika kwa nguvu zote, au ikishapata moto. Yaani dereva anafanyiwa mtihani siku ambayo hakuna nafasi ya kuurudia.

Hapa pana kiini cha jambo, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua busta ya ukubwa wa 30, ambayo utaikuta kwenye malori na matela mengi. Namba hiyo ni eneo la kiwambo kwa inchi za mraba. Ukiingiza upepo wa bar 7, fimbo inasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1,350 hivi. Ni nguvu nyingi, lakini fimbo ina nafasi ya kusafiri milimita 64 tu, kisha inagota. Tena nguvu haibaki ileile njia nzima: kiwambo kikikaribia mwisho kinajikunja pembeni mwa kopo, na nguvu inaporomoka kwa kasi. Kwa sababu hiyo wakaguzi wa Marekani na Kanada wameweka kikomo cha milimita 51 kwa busta ya kawaida ya ukubwa huo. Ikizidi hapo, breki hiyo inahesabiwa kuwa mbovu, hata kama lainingi ni mpya na upepo umejaa. Na breki mbovu zikifika asilimia 20 ya breki zote, gari haliruhusiwi kuondoka pale lilipo.

Slaki nayo ni wenzo. Ikiwa na urefu wa milimita 152 kutoka kwenye pini hadi katikati ya shafti, huku kichwa cha S kikisukuma kwa nusu kipenyo cha milimita 13 hivi, nguvu ya fimbo inazidishwa karibu mara 12. Wenzo una bei yake. Brekishu ikihitaji kusogea milimita moja zaidi pale kwenye kichwa cha S, fimbo lazima isafiri milimita 12 zaidi. Lainingi iliyolika unene wa ukucha, ambao kwa macho hauonekani kabisa, tayari imemega kipande kikubwa cha zile milimita 64.

Sasa ongeza joto. Chuma kikipata moto kinapanuka. Ngoma ya lori yenye kipenyo cha milimita 419 ikipanda joto kwa nyuzi 300, kipenyo chake kinaongezeka kwa zaidi ya milimita moja. Ngoma inazikimbia lainingi, na fimbo lazima isafiri milimita 10 hivi za ziada ili kuzifikisha. Breki iliyokuwa inasafiri milimita 50 gereji asubuhi, ikiwa baridi na ikipasi ukaguzi kwa shida, mchana mteremkoni inahitaji zaidi ya 60. Hapo fimbo iko karibu kugota. Dereva anakanyaga hadi mwisho, upepo upo, busta inasukuma, lakini inasukuma ukuta wake yenyewe badala ya ngoma.

Kuna pigo la pili linalokuja pamoja na hilo. Lainingi hutengenezwa kwa nyuzi, unga wa madini na metali vilivyogandishwa kwa utomvu wa viwandani. Joto likipita kiasi, utomvu huo unaanza kuungua na kutoa gesi, uso wa lainingi unateleza, na msuguano unashuka. Ile harufu kali inayopanda kutoka chini ya malori yanayomaliza kushuka Kitonga ni ya lainingi zinazoungua. Dereva anayeisikia kwenye gari lake mwenyewe anapaswa kusimama mapema pale panapofaa, aweke mawe kwenye matairi, na asubiri ngoma zipoe bila kuzimwagia maji, kwa kuwa chuma cha ngoma kikipozwa ghafla hupasuka.

Tena gurudumu moja likilegea halilegei peke yake. Lori la magurudumu 12 yenye breki, manne kati yake yakiwa yamelegea, linayatwisha yale manane yaliyo mazima kazi ya yote. Manane hayo yanapata joto kupita kawaida, ngoma zake zinapanuka, lainingi zake zinaungua, nayo yanaanza kulegea. Ndiyo maana breki ambazo zilikuwa zinafanya kazi vizuri juu ya mlima zinaweza kupotea zote ndani ya kilomita chache. Katika ukanda wetu hatari hii ina sura yake maalumu: kichwa cha lori kinaweza kuwa kipya kinachong'aa, na tela likawa la miaka mingi lililopita kwa wamiliki kadhaa. Kichwa kina dereva wake wa kudumu anayekijali. Tela linabadilishwa kulingana na mzigo, halina mwenyewe, na breki zake hazikaguliwi na mtu. Hapo breki za kichwa zinafanya kazi ya magari mawili.

Kulegea kunarekebishwa kwenye slaki. Zile za zamani zinakazwa kwa spana: fundi anabonyeza kufuli ya nati, anaizungusha hadi lainingi ziguse ngoma, kisha anarudisha kidogo ili gurudumu lizunguke huru. Ni kazi ya dakika chache kwa kila gurudumu, na inapaswa kurudiwa kila mara lainingi zinapolika. Tela lenye slaki za aina hiyo lisipoguswa mwezi mzima kwenye njia ya milima, breki zake haziwezi kuaminiwa.

Slaki za kujikaza zenyewe zililetwa ili kuondoa usahaulifu huo. Ndani yake mna klachi inayozunguka upande mmoja tu. Fimbo ikisafiri kupita kiasi, klachi inauma na kukaza shafti kidogo kila breki inaposhikwa. Marekani ilizifanya lazima kwa malori ya breki za upepo yaliyotengenezwa tangu Oktoba 1994. Zimesaidia sana. Ila zimeleta kosa jipya, na kosa hilo liko hai kwenye gereji zetu.

Aprili 2003, huko Glen Rock katika jimbo la Pennsylvania, lori la tipa lililozidishiwa mzigo lilishindwa kusimama mteremkoni, likagonga magari, na waliofariki ni pamoja na mtoto. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilipochunguza ilikuta kuwa lori lilikuwa na slaki za kujikaza, na mafundi walikuwa wameshughulikia breki zake bila kuutambua ubovu wenyewe. Bodi ilionya waziwazi dhidi ya kuzikaza slaki hizo kwa mkono na kudhani tatizo limekwisha. Slaki ya kujikaza iliyo nzima haihitaji kukazwa baada ya kufungwa. Ukiikuta imelegea, kuna ugonjwa: klachi yake imekufa, au pini imelika, au bushi za shafti zimetanuka, au busta yenyewe imefungwa kwa pembe isiyo sahihi. Spana inaficha dalili kwa siku kadhaa. Fimbo inarudi kwenye kipimo, kila mtu anaridhika, na ndani ya wiki chache imelegea tena. Fundi anayekaza slaki ya kujikaza na kumwambia dereva "twende, iko poa" amemrudishia gari bovu huku akimwondolea wasiwasi.

Wapo wanaojifariji kwamba upepo ukiisha, breki za springi zitaokoa. Wazo hilo lina mizizi ya heshima. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza ili behewa likikatika na upepo ukapotea, breki zijishike zenyewe. Lori limepata ulinzi wa aina hiyo kupitia springi nene iliyofungiwa nyuma ya busta, inayozuiwa na upepo. Upepo ukitoka, springi inafunguka na kusukuma fimbo. Ni fimbo ileile, slaki ileile, lainingi zilezile. Kama upepo haukuweza kuifikisha lainingi kwenye ngoma, springi nayo haitaifikisha, kwani nguvu yake hupungua kadiri inavyonyooka. Breki ya kuegeshea iliyo kwenye fimbo iliyolegea inaweza hata kuliachia lori lililoegeshwa mlimani. Na hapa niweke onyo kwa vijana wanaojifunza ufundi: busta yenye springi hiyo isifunguliwe kamwe bila springi kufungwa kwanza kwa boliti yake maalumu. Ikiruka, inaua.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Lori liegeshwe pa tambarare, matairi yawekewe vigingi mbele na nyuma, upepo ujazwe, kisha breki ya kuegeshea iachiliwe ili fimbo zirudi ndani kabisa. Injini izimwe. Geji isomeke kati ya bar 6.2 na 6.9. Utingo aingie chini na chaki, achore mstari mwembamba kwenye fimbo pale inapotokea kwenye uso wa busta. Dereva akanyage pedali hadi mwisho na aishikilie. Fimbo itatoka, na mstari wa chaki utasogea mbali na kopo. Umbali kutoka kwenye uso wa busta hadi kwenye mstari ndio mwendo wa fimbo. Unapimwa kwa rula, unaandikwa kwa kila gurudumu, kushoto na kulia. Namba za ekseli moja zikipishana sana, upande mmoja una tatizo hata kama wote wawili wako ndani ya kikomo. Wakati huohuo sikio linafanya kazi yake: breki ikiwa imeshikwa na injini imezimwa, upepo unaovuja unasikika.

Nashauri namba hizo ziandikwe kwenye daftari linalokaa garini. Namba moja inakuambia hali ya leo. Namba za miezi mitatu zinakuambia gurudumu lipi linaharibika haraka kuliko wenzake, na hapo ndipo fundi anapata pa kuanzia. Kampuni yenye malori 10 inaweza kuanza kesho bila kununua chochote.

Lainingi nazo zina kipimo chake. Zikiwa mpya, za lori kubwa huwa na unene wa milimita 18 hadi 20 hivi. Sheria ya Marekani kwa ekseli zisizo za usukani inakataza unene kushuka chini ya milimita 6.4 katikati ya brekishu, na mtengenezaji wa ekseli anaweza kuweka kikomo cha juu zaidi, ambacho ndicho cha kufuatwa. Kanuni ya 13 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inataka ulikaji uweze kukaguliwa kutoka nje au chini ya gari bila kuvua matairi. Kwa hiyo kwenye bamba la vumbi kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Toa kizibo, mulika tochi, tazama. Lainingi ikilika hadi ribiti zikaanza kugusa ngoma, ngoma inachimbika, na ngoma iliyochimbika au kuchongwa kupita kipimo inapata joto haraka zaidi kwa sababu chuma kimepungua. Kuna jambo moja la afya: vumbi la breki lisipeperushwe kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake, na fundi hawezi kujua kwa macho kilichomo kwenye lainingi aliyoikuta garini. Loanisha kwanza, kisha futa.

Teknolojia imepiga hatua kuzidi chaki. Kuna fimbo zinazotoka kiwandani zikiwa na alama ya rangi: breki ikishikwa na rangi ikaonekana nje ya busta, kikomo kimepitwa, na dereva anaona akizunguka gari kabla ya safari. Kuna vihisi vya sumaku vinavyofungwa kwenye busta na kutuma taarifa kwenye dashibodi kila breki inaposhikwa, vikisema fimbo ya gurudumu gani imesafiri kupita kiasi na ipi haikurudi. Ndani ya lainingi hupachikwa waya mdogo: lainingi ikilika hadi kuufikia, waya unakatika na taa inawaka. Kwenye breki za diski za upepo kipo kihisi kinachopima ulikaji hatua kwa hatua, kikampa meneja wa gereji unene uliobaki hata lori likiwa nchi nyingine.

Breki za diski zenyewe zinaondoa tatizo la upanukaji. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, kwa hiyo mwendo wa kusukuma haurefuki kama kwenye ngoma. Mercedes-Benz ilipotoa lori la Actros mwaka 1996, ililiwekea diski pamoja na udhibiti wa breki kwa umeme, na Ulaya imeendelea kuelekea huko. Malori ya aina hiyo yaliyotumika yanazidi kuingia kwetu. Lakini yanavuta matela ya ngoma, na vihisi vikiharibika waya hukatwa ili taa isisumbue. Taa iliyozimwa kwa kukata waya ni hasara kubwa kuliko kutokuwa na taa, maana dereva anaamini bado inamlinda.

Kifaa ninachokiona kinatufaa zaidi kwa sasa ni kamera ya joto. Lori likishatumia breki, magurudumu yanayofanya kazi huwa ya moto. Gurudumu lililobaki baridi halikushika. Lililo moto kupita wenzake linabeba kazi ya wengine, au breki yake haiachii. Nchini Marekani wakaguzi huweka kamera hizo kando ya barabara na kuyatazama malori yakipita kwa mwendo wa polepole, kisha wanalisimamisha lile tu lenye dalili. Hawapotezi muda wa walio wazima. Hata kipimajoto cha mkononi cha miale isiyoonekana kinaweza kutumiwa na utingo: kwenye kituo cha mapumziko, dakika moja baada ya kusimama, anazunguka lori na kuelekeza kwenye kila ngoma. Bila kifaa chochote, anaweza kusogeza kiganja karibu na ngoma bila kuigusa na kulitambua gurudumu lililolala.

Hakuna kipimo kitakachomsaidia dereva anayeshuka na gia huru. Kwenye miteremko ya Salgaa na kwingineko, desturi ya kuachia gari lijiendee ili kuokoa dizeli imegharimu maisha mengi, na msingi wake ni hesabu isiyo sahihi. Injini ya dizeli ya kisasa inayodhibitiwa kwa kompyuta, ikiwa ndani ya gia na mguu hauko kwenye mafuta, hukata dizeli kabisa wakati wa kushuka, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka gia huru, injini lazima ichome dizeli ili isizimike. Anayeachia gia anapoteza mafuta na breki ya injini kwa pamoja. Gia ichaguliwe juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza, na breki ya egzosi iwe imewashwa.

Ombi langu ni kwa wenye mamlaka ya mizani. Vigwaza, Mikumi na Makambako upande wa Tanzania, Mariakani na Gilgil upande wa Kenya, malori ya mzigo hupita na ekseli zake hupimwa uzito. TANROADS na KeNHA, wasimamizi wa barabara kuu za nchi hizo mbili, tayari zina watu, taa na maegesho pale. Tunapima uzito ili kuilinda lami, na lami inastahili kulindwa. Wawekeni wakaguzi wawili waliofunzwa, wenye chaki, rula na kipimajoto, wachague malori machache kila zamu na kupima mwendo wa fimbo kwenye kichwa na kwenye tela. Lililopitiliza kikomo lisiteremke Kitonga. Wamiliki nao wawalipe madereva muda wa kukagua, nusu saa kabla ya kila mteremko mkubwa, bila kuwakata chochote kwa kuchelewa. Na wewe dereva ambaye lori lako limeegeshwa leo likisubiri mzigo, tafuta chaki, mwite utingo wako, na anzeni na tela.